Mawe ya Namoratunga na Nyota za Mbinguni

Mkulima wa Songea hana haja ya kufundishwa kutazama mbingu. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima, hupotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei. Na mwezi wa Novemba huonekana mashariki giza linapoingia, mvua zikiwa karibu. Basi si ajabu kwamba watu wa kale nao walizifuata nyota. Lakini je, waliziandika juu ya makaburi yao?

Swali hili limeulizwa sana katika nchi ya Turkana, kaskazini ya Kenya. Huko kuna mahali pawili paitwapo Namoratunga, maana yake watu wa mawe. Wenyeji husimulia kwamba mawe hayo yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa kuwa mawe.

Mahali pa kwanza ni Lokori, penye makaburi yaliyozungukwa na mawe yaliyosimamishwa wima, na juu yake mna michoro ya duara na misalaba. Mtu akiiona kwa haraka aweza kudhani ni jua na nyota. Lakini mwaka 1977 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, waliilinganisha na chapa wanazochomwa ng'ombe wa Waturkana, wakaona zafanana sana. Yaelekea basi kwamba michoro hiyo yaonyesha mifugo na ukoo wa marehemu, wala si habari za mbinguni.

Mahali pa pili ni Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, penye nguzo 19 za mawe. Mwaka 1978 wataalamu wale wale walisema kwamba nguzo hizo zaelekea nyota saba ambazo Waborana huhesabia miezi yao, Kilimia kikiwa kimojawapo. Wakakadiria kuwa zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Habari hiyo ilienea mbali, ila haikukosa wapinzani. Mwaka 1982 Robert Soper alionyesha kwamba mawe yale yana nguvu ya sumaku, nayo huipotosha dira. Baadaye uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba nguzo za namna hiyo kando ya ziwa zina umri wa miaka 5,000 hivi, nazo ni alama za maziara. Mahali pamoja, Lothagam, walizikwa watu wasiopungua 580. Tena nyota husogea polepole kadiri karne zipitavyo. Hivyo hesabu iliyofanywa kwa mwaka 300 haiwezi kufaa kwa mawe yaliyoitangulia kwa maelfu ya miaka.

Fundisho letu ni hili: jambo lipendezalo lapasa kupimwa kabla ya kusadikiwa. Nayo haiwezekani kupimwa ikiwa mawe yameondolewa mahali pake. Kwa hiyo twawaomba wasomaji, mkikuta shambani jiwe lililosimamishwa au kuchorwa na watu wa kale, msiling'oe kwa kujengea. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji. Jiwe likisogezwa hata hatua moja, ushahidi wake umepotea.