Buibui Tunaokaa Nao Nyumbani

Wasomaji wengi watashangaa kuona kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye mtihani mbele yake, akikaa kitako kuandika habari za buibui. Lakini nina deni la kulipa. Mwaka jana, mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, mimi ndimi niliyetoa amri kwamba buibui wote wa bweni letu wauawe, na amri ile haikuwa ya haki.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi moja wavulana watano waliamka wana michirizi myekundu shingoni na usoni, kama watu waliochapwa kwa kamba ya moto. Kufika jioni michirizi ile ilikuwa malengelenge. Mmoja jicho lake lilivimba hata halikufunguka. Mdogo wao kuliko wote, mtoto wa kidato cha kwanza, alinijia akasema, "Kaka kiranja, nimekojolewa na buibui." Hakuna aliyembishia. Sisi tumetoka wilaya nyingi na makabila mengi, lakini karibu sote tuliambiwa tangu utotoni kwamba buibui akimpitia mtu usingizini humkojolea, na kwamba mkojo wake huunguza. Basi Jumamosi mbili tulishika mafagio na viatu, tukasafisha kuta mpaka juu darini. Tuliua wengi sana, nami nilijisifu.

Baada ya juma moja niliamka na mchirizi shingoni mwangu mwenyewe, na ukutani hapakuwa na buibui hata mmoja.

Nilikwenda dispensari ya misioni. Sista anayetutibu aliutazama ule mchirizi, akaniuliza, "Mwanangu, huyo buibui ulimwona?" Nikasema, "Hapana, Sista." Akaniuliza tena kama nilikuwa nikisoma usiku karibu na taa. Hilo lilikuwa kweli, maana sisi wa darasa la mtihani huruhusiwa kusoma saa moja zaidi. Akaniambia nikatazame mezani chini ya taa, nimletee kila mdudu nitakayemkuta pale, lakini nimchukue kwa karatasi, si kwa vidole.

Usiku ule nilimpata mhalifu. Ni mbawakawa mdogo, mwembamba, urefu wake hauzidi sentimita moja, na ukimtazama kwa haraka utamdhania sisimizi. Kichwa chake ni cheusi, kifua chekundu cha machungwa, kisha ana mabawa mafupi ya buluu yenye kung'aa, kisha tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Akikimbia huinua mkia juu. Jirani zetu wa Kenya humwita kwa jina la mji wao wa Nairobi, na huko walipata taabu kubwa naye baada ya mvua nyingi za mwaka 1997 na 1998. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake imo katika damu yake, nayo humtoka mtu anapompiga kofi au kumsugua shingoni. Na kwa kuwa ngozi haiungui papo hapo ila baada ya siku moja au zaidi, mtu huwa amekwisha sahau kwamba alimwua mdudu. Huamka asubuhi, hutazama juu, humwona buibui, na hukumu huisha hapo.

Tena kuna alama moja ambayo Sista alinionyesha. Mdudu huyu akipondwa katika kiwiko, mtu akakunja mkono, ngozi hupata majeraha mawili yanayotazamana kama mapacha. Ukiona hivyo usiwe na shaka tena. Dawa ya kwanza ni maji na sabuni, upesi, na usiyaguse macho kwa mkono uliomshika. Akikutembelea mwilini mpulize aende zake.

Sasa nirudi kwa wale niliowaonea.

Kwanza, jueni buibui ni nani. Mdudu wa kawaida kama nzi au mende ana miguu 6 na vipapasio viwili kichwani. Buibui ana miguu 8, hana vipapasio wala mabawa, na mwili wake una sehemu mbili tu, si tatu. Wengi wana macho 8. Kinyesi chake ni kitone kizito cheupe-cheupe, vile vidoa tunavyoviona sakafuni na katika vitabu, nacho hakiunguzi ngozi.

Njia nzuri ya kuwatambua ni kutazama mahali wanapokaa, maana kila mmoja ana chumba chake. Yule aliyebandikwa ukutani kama stempu, miguu yake imetandazwa pande zote mfano wa kaa, ni buibui bapa. Hafumi utando wa kunasia. Ukimgusa kwa unyasi hupotea kabla hujafumba jicho, huingia katika ufa usioweza kupitisha kisu. Vile visahani vyeupe kama karatasi vilivyogandishwa ukutani, ambavyo kila mwaka tunavikwangua wakati wa kupaka chokaa, ni mayai yake.

Aliye katika pembe ya dari, mwenye miguu mirefu myembamba na mwili kama punje ya mchele, ni rahisi zaidi kumjua. Mguse kidogo, naye atatetemeka pamoja na utando wake wote hata usimwone vizuri. Jike huchukua mayai yake tayani, kama mama aliyekosa kikapu. Chini ya mapaa, nje, kuna mwingine mnene mwenye kufuma utando mkubwa, na utando huo una kishimo cha nyuzi kilichoegemezwa ukutani ambamo hujificha mchana. Ukimtazama kwa chini utaona kifua chake ni chekundu. Wadogo wetu humwogopa sana kwa wekundu huo, lakini yeye hana haja ya kuingia ndani.

Anayetisha kuliko wote ni yule mkubwa wa usiku, ambaye akitandaza miguu huenea kiganja cha mtu mzima. Mbele ya uso wake pana mstari mweupe. Watu hupiga kelele wakimwona jikoni, nami nilikuwa mmoja wao, lakini kazi yake huko ni kuwinda mende. Jike ukimkuta amekumbatia kitu bapa chini ya tumbo, hicho ni kifuko cha mayai. Akishikwa kwa nguvu anaweza kuuma na kuumiza, kama vile kuku wa mama anavyoweza kudonoa.

Yuko mmoja ambaye nataka mjihadhari naye kweli. Huyu hakai ukutani mahali pa kuonekana. Hukaa chini: uvunguni mwa viti na mabenchi, nyuma ya ndoo, chooni, katika viatu vya zamani. Ni wa rangi ya kahawia, tumbo lake ni la mviringo kama njegere, na miguu yake ina mabaka meusi na meupe. Utando wake hauna mpango wowote, lakini uzi wake ni mgumu, ukiukata husikia kama unakatika. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya machungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Lakini si lazima kumpindua ili kumjua. Tazameni vifuko vya mayai yake. Ni vya mviringo na vimejaa vijiba pande zote, mfano wa mbigili. Hakuna mwingine nyumbani mwetu mwenye vifuko hivyo. Yeye ni mwoga, na akiguswa mara nyingi hujikunja na kuanguka kama maiti, ila akibanwa na paja la mtu aliyeketi huuma. Kwa watu wengi maumivu huishia palepale. Lakini maumivu yakienea mwilini, au misuli ikikazana, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, apelekwe hospitali bila kungoja.

Nimemweka mwisho yule ninayemjutia zaidi. Ni mdogo, hafikii sentimita moja, mwili wake ni wa manyoya mafupi, na macho yake mawili ya mbele ni makubwa kama taa za motokaa. Huenda kwa kurukaruka. Ukimsogezea kidole hageuki kukimbia kama wengine, bali hukugeukia akakutazama. Buibui warukaji ni wa aina nyingi sana duniani, lakini iko aina moja inayojulikana katika nchi zinazozunguka ziwa letu la Viktoria tu, upande wa Kenya na upande wetu wa Uganda. Wataalamu walimpa jina mwaka 2003, Evarcha culicivora, na neno hilo la pili maana yake ni mla mbu. Urefu wake ni kama milimita 5.

Huyu ana tabia ya ajabu. Hupenda damu, lakini mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu. Basi humngoja mbu jike aliyekwisha kunywa damu yetu, humrukia akamla. Robert Jackson wa New Zealand na wenzake, waliofanya kazi Mbita upande wa Kenya, walieleza jambo hilo mwaka 2005. Tena waliona kwamba watoto wa buibui huyu humtambua Anofelesi, yule mbu wa malaria, kwa jinsi anavyotua akiinua mkia. Na mwaka 2011 yalitolewa majaribio ya soksi: buibui hawa walivutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko zile safi. Katika bweni letu asingepata shida.

Sasa fikirini. Ugonjwa unaotutoa darasani kuliko mwingine wowote hapa kwetu ni malaria, nasi tulishika viatu tukawaua warukaji wote tuliowaona, kwa kosa la mbawakawa. Sisemi kwamba homa ziliongezeka muhula ule kwa sababu hiyo, maana sikuhesabu wagonjwa kabla wala baada. Wala sisemi mtu aache kufunga chandarua kwa kumtumaini buibui. Nasema tu kwamba amri ile niliitoa bila kutazama.

Tangu hapo taa ya mwisho imehamishwa mbali na vitanda, na madirisha ya upande ule hufungwa jua likichwa. Msimu huu wa mvua tumepata watu wawili tu wenye michirizi, na wote wawili walimponda mdudu wenyewe, wakakiri.

Yule mtoto aliyekuja kwangu mara ya kwanza sasa yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alikuja mbio kutoka bafuni. "Kaka," akasema, "chini ya benchi pana mbigili tatu." Tulilitoa benchi nje kwa uangalifu, tukaligeuza kwa fimbo, na kweli, mwenyewe alikuwapo, amejikunja karibu na vifuko vyake. Huyo tulimwua pamoja na mayai yake. Kisha mtoto akanivuta mkono, akanipeleka kitandani kwake kunionyesha buibui bapa, ambaye tangu Jumatatu alikuwa amekalia kisahani chake cheupe juu ya mto, naye aliomba wasafishaji wa Jumamosi wasimguse.