Kwa Nini Mbegu Chotara ya Mahindi Haifai Kurudiwa



Leo tunazungumza juu ya mbegu ya mahindi. Jambo hili linatokea kila mwaka katika vijiji vingi. Mkulima ananunua mbegu chotara, anapanda, anavuna vizuri na kufurahi. Mwaka wa pili anaona hakuna haja ya kununua tena. Anachagua magunzi makubwa katika mavuno yake, anayapukuchua, anapanda. Mahindi yanaota bila shida. Lakini yakikomaa, shamba linakuwa kama limepandwa na watu kumi. Mmea huu mrefu, ule mfupi. Huu una gunzi nene, ule una kigunzi chenye mapengo.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja atasema ardhi imechoka. Mwingine atasema mbegu ilitiwa dawa dukani ili isizae mara ya pili. Hapana, ndugu mkulima. Ile dawa ya rangi inayopakwa kwenye mbegu ni ya kuzuia ukungu na wadudu udongoni. Haigusi uzazi wa mahindi. Sababu iko ndani ya punje yenyewe, na ukiielewa hutapoteza msimu mzima kwa kubahatisha.

KILA PUNJE INA MAMA NA BABA

Tuanze na jinsi mahindi yanavyozaa. Juu ya mmea kuna mbelewele. Hiyo ndiyo sehemu ya kiume, nayo hudondosha vumbi la manjano. Ubavuni kuna gunzi changa lenye ndevu. Hiyo ni sehemu ya kike. Kila uzi mmoja wa ndevu unakwenda kwenye punje moja. Vumbi likitua juu ya uzi, punje inatungwa. Uzi usipopata vumbi, hapo panabaki pengo.

Sasa, upepo ndio unaobeba vumbi hilo. Sehemu kubwa ya punje katika gunzi hutungwa kwa vumbi la mimea mingine, siyo la mmea wenyewe. Kwa hiyo gunzi moja ni kama nyumba yenye mama mmoja na watoto mia kadhaa ambao baba zao ni mbalimbali.

Ushahidi unaweza kuuona kwa macho yako. Kama umepanda mahindi meupe na jirani amepanda ya manjano, nayo yakachanua wakati mmoja, utavuna magunzi meupe yenye punje za manjano hapa na pale. Hizo ni punje ambazo baba yao ni mahindi ya jirani.

KILICHOFICHIKA NDANI

Ndani ya kila punje mna chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni. Mahindi yana zaidi ya 30,000. Kila chembe ni kama agizo: tengeneza hiki, tengeneza kile. Maagizo hayo huja mawili mawili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba.

Chukua rangi. Katika mahindi ya manjano, iko chembe inayoagiza punje itengeneze rangi ya manjano. Katika mahindi meupe, agizo hilo halifanyi kazi ndani ya punje, basi punje inabaki nyeupe. Punje ikipata chembe ya manjano kwa baba na chembe nyeupe kwa mama, itakuwa ya manjano, pengine hafifu kidogo. Agizo moja linalofanya kazi linatosha. Lakini ile chembe nyeupe haikufa. Imejificha tu.

Panda punje za namna hiyo peke yake, mbali na mahindi mengine. Utakapovuna, karibu punje tatu katika kila nne zitakuwa za manjano, na moja itakuwa nyeupe. Ile nyeupe ilipokea chembe nyeupe pande zote mbili. Mzee hakuwa na weupe usoni, lakini aliubeba.

Hesabu hii ilielezwa na mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo uko nchi ya Ucheki. Yeye alitumia njegere. Alichanganya njegere za manjano na za kijani, na watoto wote wakawa wa manjano. Alipowapanda watoto hao, katika kizazi kilichofuata alihesabu njegere 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Ni kama tatu kwa moja. Alichapisha kazi yake mwaka 1866.

Rangi ni jambo jepesi. Urefu wa mmea, ukubwa wa gunzi na wingi wa mavuno havitawaliwi na chembe moja. Chembe nyingi hushirikiana, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na udongo, mbolea na mvua navyo vinatia mkono wao.

CHOTARA HUTENGENEZWAJE?

Mwaka 1908 mtaalamu wa Marekani, George Shull, alieleza jambo la ajabu. Mahindi yakizalishwa yenyewe kwa yenyewe, kizazi baada ya kizazi, yanafanana sana lakini yanadhoofika. Ukikutanisha koo mbili dhaifu za namna hiyo, watoto wanatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara. Kasoro iliyofichika kwa mama hufunikwa na chembe nzuri ya baba, na ya baba hufunikwa na ya mama.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, huko Kitale, Kenya, mwaka 1964 ilitolewa mbegu chotara H611. Ilipatikana kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yenye asili ya Ecuador, Amerika ya Kusini.

Katika shamba la kuzalisha mbegu chotara, mistari ya mama hung'olewa mbelewele kabla hazijamwaga vumbi, ili ndevu zipate vumbi la mistari ya baba tu. Kazi hii hufanywa upya kila msimu, na ni sababu moja ya bei ya mbegu hiyo kuwa juu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kweli, lakini mtoto wa mbegu chotara si sawa na mzazi wake. Ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara, chembe zinachanganywa upya kama karata. Kasoro zilizokuwa zimefunikwa zinakutana na kujitokeza. Katika chotara ya koo mbili safi, nusu ya zile jozi zilizokuwa na chembe mbili tofauti hurudi kuwa za kufanana katika kizazi kimoja tu. Nguvu inapungua, shamba linakosa usawa, na mavuno yanashuka. Gunzi ulilochagua lilikuwa kubwa kweli, lakini ukubwa ule ulitokana na ule mchanganyiko, na mchanganyiko haurithiwi mzima.

NI MBEGU GANI UNAWEZA KUJIWEKEA?

Si mbegu zote ziko hivyo. Kuna mbegu za kawaida zilizoboreshwa, ambazo huzaana zenyewe shambani bila kupoteza tabia zao haraka. Mfano ni Katumani ya Kenya, ambayo hukomaa mapema na kufaa sehemu zenye mvua chache. Mfano mwingine ni Kilima, Staha na TMV-1, zilizotolewa Tanzania katika miaka ya 1980. Mbegu hizi unaweza kuzichagua mwenyewe kwa misimu michache, ukifuata haya:

1. Chagua mahindi yakiwa bado shambani, siyo ghalani. Gunzi lililo kwenye lundo halikuambii kama mama yake alianguka au aliugua.

2. Chagua katikati ya shamba. Mmea ulio pembeni au karibu na zizi la ng'ombe umenenepa kwa nafasi na samadi. Samadi hairithiwi.

3. Chukua magunzi mengi, 200 hivi au zaidi, kutoka mimea tofauti. Ukichukua magunzi machache unakusanya ndugu wa damu, na wakizaana wao kwa wao udhaifu unajitokeza.

4. Weka umbali wa mita 200 au zaidi kati yako na mahindi ya aina nyingine. Kama nafasi hakuna, elewana na jirani mpishane kupanda kwa wiki nne.

5. Tumia punje za katikati ya gunzi. Zile za nchani si lazima ziwe na urithi mbaya. Ni ndogo kwa sababu ya mahali zilipokaa. Lakini punje zinazolingana huota pamoja.

6. Anika vizuri, hifadhi pakavu, na ubadilishe mbegu kila baada ya misimu mitatu hivi.

Basi, ndugu mkulima, uamuzi ni wako. Ukiwa na fedha ya mbegu na mbolea, nunua chotara kila mwaka. Ukiwa huna, usirudie chotara. Panda mbegu ya kawaida iliyoboreshwa na uichague kwa uangalifu. Kabla hujapanda, soma mfuko wa mbegu au muulize bwana shamba: hii ni chotara au siyo?

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini punje za manjano hutokea katika shamba la mahindi meupe?
2. Mkulima amechagua magunzi kumi makubwa kutoka pembeni mwa shamba awe na mbegu. Amekosea wapi?
3. Katika kijiji chetu, ni nani wanaweza kukubaliana kupanda mbegu ya aina moja ili isichanganyike?