Siku ya Konje Ziwani Katana: Rudini Wote kwa Hesabu Mliyoendea

Mfanyakazi mwenzetu,

Mwezi mzima umeshika kazi. Kila siku kabla ya kuingia chini umevaa kaske na bote, umeangalia taa, umegonga mwamba wa juu kusikia kama umelegea, na hukukubali kwenda peke yako. Sasa konje imefika. Mama anataka kuona ndugu zake wa Bukavu, watoto wanataka kuoga ziwani. Ni haki yenu. Asiyepumzika huchoka, na aliyechoka huleta ajali kazini. Lakini tunakuuliza: ile akili unayoivaa pamoja na kaske, siku ya konje unaiacha wapi?

Kutoka Bukavu shika barabara ya Goma. Utapita Miti na Kavumu, na baada ya kama kilomita 45 uko Katana, katika teritware ya Kabare. Mkono wa kuume ni Ziwa Kivu, na ng'ambo unaona kisiwa cha Idjwi. Mkono wa kushoto milima inapanda hadi Kahuzi, yenye mita 3.308. Vita vilifika Kavumu na Bukavu Februari 2025. Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari, uliza wenyeji na wasafiri habari za njia. Wakikuambia ngoja, ngoja. Ziwa halitahama.

MAMBO YA KUONYESHA WATOTO

Karibu na Katana kuna Lwiro. Hapo Wabelgiji walijenga nyumba kubwa za IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Leo ni kituo cha utafiti wa elimu ya viumbe na ardhi, CRSN. Tangu 2002 Lwiro pia ina makao ya sokwe na nyani yatima, waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Mtoto akimwona sokwe aliyenyang'anywa mama yake, hatasahau kwa nini nyama ya porini si ya kununua.

Mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo lango lake liko Tshivanga, iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Humo wanaishi sokwe wakubwa, gorila wa nchi ya chini ya mashariki. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiende kwao: ugonjwa wetu unawaua.

Katana yenyewe ina chemchemi za maji moto za Kankule. Tazama, lakini mshike mtoto mkono. Maji yanayotoka tumboni mwa ardhi yanaweza kuunguza ngozi kama sufuria ya jikoni.

ZIWA HALINA NGAZI

Sasa tushuke majini. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na watu wengi wanafikiri basi halina hatari. Wamekosea. Ziwa hili ni bonde lililozama kati ya milima. Mlima unavyoshuka kwa ukali juu ya nchi, ndivyo unavyoendelea kushuka chini ya maji, mpaka karibu mita 485 mahali penye kina kikubwa. Hatua moja maji yako kiunoni, hatua ya pili hakuna chini. Wewe unajua maana ya shimo lisilo na ngazi.

Kwa hiyo, baba, ingia wewe kwanza upime. Onyesha watoto mpaka. Mtoto mdogo asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, hana pumzi ya kuita. Mchagueni mtu mzima mmoja wa kulinda, na huyo asionje kasiksi wala bia mpaka watoto wote wametoka. Kazini kuna mlinzi wa zamu. Na ziwani iwe hivyo.

Utasikia pia habari za gesi. Ni kweli: chini sana ziwani kuna metani na gesi ya kaboni nyingi. Lakini imefungwa kwa uzito wa maji, na anayeoga kando haiguswi naye. Hatari nyingine ni mazuku ya upande wa Goma na Sake, ambako gesi ya kaboni hutoka ardhini na kulala mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Ni ile hewa mbaya unayoijua kwenye shimo la zamani. Ukiona panya au ndege wamekufa bondeni, usishuke, na usilaze mtoto hapo.

MTUMBWI NA RADI

Kila mtu anapenda kuvuka kwenda Idjwi. Kumbukeni Aprili 2019, mtumbwi ulipozama upande wa Kalehe, na watu wengi hawakuonekana tena. Kumbukeni pia Oktoba 2024, mashua kutoka Minova ilipopinduka mbele ya Goma, karibu na nchi kavu. Ukiona chombo kimejaa, au hakuna jile ya kuokoa kwa kila mtu, rudi ukakae. Nauli iliyopotea ni ndogo. Usione haya mbele ya wenzako.

Angalia mbingu vilevile. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti waliweka Kabare nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ukisikia ngurumo, wote watoke majini. Usikimbilie chini ya mti. Ingia nyumba ya kweli au gari, na ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji ya ziwa hayanyweki hivi hivi, kwani kipindupindu kinajulikana kandokando ya Kivu. Mama, beba bidoni ya maji yaliyochemka, na sabuni kwa mikono kabla ya kula sambaza. Msioge katika vijito vya polepole vya upande wa Lwiro. Humo kuna konokono wanaoleta kichocho, yaani bilarzia.

AKIZAMA MTU

Usimrukie kama hujui kuokoa, mtakufa wawili. Tupa kamba, nyosha fimbo, au tupa bidoni tupu iliyofungwa. Akitoka bila pumzi, usimning'inize kichwa chini, wala usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Asipoamka, sukuma katikati ya kifua mara 30, pulizia mara 2, uendelee bila kukoma. Mwingine akimbie kutafuta gari. Hospitali ya FOMULAC iko hapo hapo Katana. Hata akizinduka, apelekwe: maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumlemea baadaye.

Jioni, kabla ya kuwasha gari, hesabu watu wako. Mlikuja saba, mrudi saba. Siku ya kwanza ya kazi capita atakuita jina, nawe utaitika: niko.

Ajali haijui konje. Usalama nao usiende konje.