Nembo mpya, hasara ile ile

Kila ninaposikia kwamba idara fulani ya serikali imezindua nembo mpya, huwa najiuliza: ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani? Jibu ni nadra kupatikana. Utaambiwa habari za sura mpya na kwenda na wakati, ngoma zitapigwa, kitambaa kitafunuliwa, na mlipa kodi atapelekewa ankara.

Kisa ninachopenda kukitaja ni cha posta ya Uingereza. Mizizi ya shirika hilo inafika enzi za mfalme Henry VIII, mwaka 1516, na raia wa kawaida walianza kuhudumiwa mwaka 1635. Mwaka 2001, likiwa bado mali ya serikali, wakubwa wake waliona jina la Post Office haliwatoshi tena. Walitaka jina la kuwafungulia masoko ya ng'ambo. Washauri wakaitwa, wakarudi na neno Consignia. Msomaji, usihangaike kulitafuta kwenye kamusi, kwani lilikuwa la kubuni. Zoezi hilo liligharimu takriban pauni milioni 1.5.

Waingereza walicheka, kisha wakaendelea kusema posta. Magari mekundu yalibaki na jina la Royal Mail, maana hata shirika lenyewe halikuthubutu kuligusa. Wakati huo huo fedha zilikuwa zinavuja: hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2002 ilipita pauni bilioni 1, na maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa kazi zao zitaondolewa. Juni mwaka huo, chini ya mwenyekiti mpya Allan Leighton, ilitangazwa kwamba Consignia linatupwa. Kufikia Novemba shirika likawa Royal Mail Group.

Nisiwaonee. Pauni milioni 1.5 sizo zilizolizamisha shirika. Ukizilinganisha na hasara ile ni punje tu. Linaloniudhi ni kwamba vichwa vilivyopaswa kuumia kwa sababu vifurushi vinaleta hasara vilikuwa vinaumia kwa kutafuta jina. Nadhani siri ni kwamba jina lina sherehe ya uzinduzi. Kuziba hasara hakuna sherehe.

Kituko cha mwaka 2008 ni kidogo kwa fedha lakini kikubwa kwa aibu. Chini ya Hazina ya Uingereza kulikuwa na ofisi iliyoitwa OGC, ambayo kazi yake ilikuwa kuzifundisha idara za serikali kununua vitu bila kufuja. Ikajinunulia nembo ya pauni 14,000. Mtu mmoja akaigeuza ubavu, na kilichoonekana siwezi kukieleza hapa, watoto nao husoma gazeti. Ofisi yenyewe ilivunjwa mwaka 2011.

Wala hawajakoma. Mwaka 2025 serikali hiyo hiyo ilitumia pauni 532,000 kuipa tovuti yake ya GOV.UK sura mpya, na badiliko ambalo macho ya wengi yaliliona ni nukta iliyopandishwa kutoka chini hadi katikati. Serikali ilijitetea kuwa kazi ilikuwa pana kuliko nukta. Huenda ni kweli, lakini nukta ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu.

Tusiwacheke sana, kwani sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu. Telkom Kenya, ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake, iligeuzwa Orange mwaka 2008, na mwaka 2017 ikarudi kuwa Telkom. Na wizara zetu je? Januari 2022 Tanzania iliigawa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto ikawa wizara mbili. Kuigawa kunaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, na jina lenyewe lilikuwa limerefuka kama treni. Lakini jina la wizara haliishi kwenye bango la getini tu. Limo kwenye mihuri, bahasha, fomu, vitabu vya stakabadhi na milango ya magari, kuanzia makao makuu hadi wilayani, na kila kimoja kina mchapaji anayesubiri kulipwa.

Ndiyo maana ningependa siku ya uzinduzi, kabla kitambaa hakijafunuliwa, waziri asome kwa sauti bei ya nembo, bei ya mihuri na mabango, na idadi ya makaratasi ya zamani yatakayochomwa moto.