Helmeti, Nasaha na Mpanda Baiskeli wa Mji wa Kale

Kisiwa cha Mombasa kina eneo la takriban kilomita 14 za mraba, na ndani ya eneo hilo dogo, ambalo Daraja la Nyali, Makupa, Kipevu na kivuko cha Likoni huliunganisha na bara, baiskeli imebaki kuwa chombo cha watu wa kazi kuliko cha watu wa mazoezi. Kibarua anayetoka Kisauni alfajiri kuwahi zamu, mchuuzi wa mikate aliyefunga kreti nyuma ya kiti, kijana wa duka anayepeleka mtungi wa gesi kwa mteja wa Kibokoni, na mtoto aliyekodi baiskeli kwa nusu saa, karibu wote huonekana vichwa vitupu, au wamevaa kofia ya kiua, ambayo ni vazi la heshima na haikushonwa ili ikinge fuvu. Kwa kuwa jambo hili halifichiki, huzua swali lenye uzito kuliko linavyodhaniwa: je, raia wa kawaida, asiye askari wala mzazi wa mhusika, ana haki, au pengine wajibu, wa kumsimamisha mpanda baiskeli asiye na helmeti na kumkanya?

Sheria haimsaidii sana raia huyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria za nchi, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2012, na katika marekebisho hayo kikaingizwa kifungu kinachomtaka kila apandaye pikipiki, awe mwendeshaji au abiria, avae helmeti na jaketi lenye vipande ving'aavyo vinapomulikwa na taa. Lakini kifungu hicho kinahusu pikipiki, na baiskeli ya kukanyaga kwa miguu haimo. Kwa hiyo abiria wa bodaboda anayekataa kupanda mpaka apewe helmeti anadai jambo lililoandikwa, tena kwa sababu nzito, kwani mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za kitabibu, yalionyesha kwamba miongoni mwa wapanda pikipiki waliopata ajali helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Anayemkanya mpanda baiskeli hana kifungu cha kutaja. Alicho nacho ni ulimi wake, na heshima yake mtaani ikiwa anayo.

Kabla ya kuuliza nani amwambie nani, inafaa kujua helmeti ya baiskeli hufanya nini hasa, maana wengi hudhani kinga yake imo katika ugumu wa ganda. Chini ya ganda hilo jembamba la plastiki mna povu gumu jeupe, la jamaa moja na lile la maboksi ya kuhifadhia samaki na barafu, na kazi ya povu hilo ni kupondeka. Kichwa kinapogonga barabara, fuvu husimama ghafla huku ubongo, ambao umo ndani yake katika ujiuji, ukiendelea na mwendo wake hadi ujibamize. Povu linapopondeka, kule kusimama huchukua muda mrefu zaidi kidogo, ijapokuwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na nguvu inayoufikia ubongo hupungua. Kwa sababu hiyo helmeti iliyokwisha kugongwa kwa nguvu haifai tena hata kama ganda lake linaonekana zima, jambo ambalo mnunuzi wa helmeti ya mtumba pale sokoni Kongowea hawezi kulijua kwa kuitazama. Mvao nao una masharti: helmeti ikae usawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ukazwe chini ya kidevu, kwa kuwa isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya mwenye kichwa. Kofia ya kiua iliyotiwa wanga huinyanyua helmeti na kuifanya ichezecheze, ilhali mtandio mwembamba usiofungwa fundo kisogoni hauleti taabu yoyote.

Kipimo cha Ulaya kinachojulikana kama EN 1078 huiangusha helmeti ya baiskeli juu ya chuma bapa kwa mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa, ambao ni mwendo wa kitu kilichodondoka kutoka kimo cha mita moja na nusu, yaani karibu na kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Ukikichukua kipimo hiki ukatembea nacho mjini, kisiwa hugawanyika sehemu mbili. Katika Ndia Kuu ya Mji wa Kale, na katika vichochoro vinavyoteremka kuelekea Bandari ya Kale, mpanda baiskeli hawezi kwenda kasi hata akitaka, kwa sababu ya kona, vibaraza, mikokoteni, tuktuk na watoto wanaotoka madrasa. Akianguka, huanguka kwa namna ile ile ambayo helmeti ilitengenezewa, ingawa katika njia hizo anayestahili kuhofiwa zaidi ni bibi mwenye kikapu atakayegongwa kwenye kona. Katika barabara ya Digo, Makupa na Daraja la Nyali, mambo ni mengine: hapo mpanda baiskeli hubanwa na matatu zinazokimbilia abiria na malori yanayotoka bandari ya Kilindini, na hakuna helmeti ya baiskeli iliyowahi kupimwa chini ya gurudumu la lori. Hata hapo bado ina faida, kwani ajali ya aina hii huweza kuanza kwa kioo cha pembeni kumgusa mtu bega na kumwangusha. Lakini anayemwambia kibarua wa Kisauni kwamba helmeti ndiyo dawa ya Daraja la Nyali hamwambii ukweli wote.

Kwamba helmeti hukinga kichwa si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 2016 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 40 zenye wapanda baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, wakaona kuwa waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuumia kichwa, kwa asilimia 51, na wa kupata jeraha baya la kichwa, kwa asilimia 69. Ubishi uliobaki ni juu ya kulazimisha. Jimbo la Victoria, nchini humo humo, lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha wapanda baiskeli wote kuvaa helmeti, mwezi Julai 1990, na tangu hapo wataalamu wameendelea kugombana kama lazima hiyo iliokoa watu au iliwafanya wengi waache baiskeli. Uholanzi, ambako watu wazima wachache mno huvaa helmeti, imetegemea njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Ian Walker, wakati huo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bath, alionyesha mwaka 2007 kwamba madereva walimpita karibu zaidi alipovaa helmeti kuliko alipokuwa kichwa kitupu, kwa wastani wa sentimita 8.5. Na katika wilaya ya King, yenye mji wa Seattle nchini Marekani, bodi ya afya iliifuta kanuni ya helmeti mwezi Februari 2022, baada ya kubainika kwamba waliokuwa wakisimamishwa na polisi kwa kosa hilo walikuwa zaidi watu weusi na watu wasio na makazi. Mfano huu wa mwisho ndio unaopasa kumshughulisha msomaji wa Mombasa, kwa kuwa wapanda baiskeli wa kisiwani nao ni watu wa kipato kidogo, na kila sauti ya kukaripia humwangukia yule ambaye ni rahisi kukaripiwa. Mwenye gari lenye matairi yaliyokwisha hasimamishwi na mpita njia.

Mji wa Kale, hata hivyo, haukuanza jana kufikiri juu ya kukanyana. Jamii ambayo wengi wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii ina fundisho la kuamrisha mema na kukataza mabaya, na fundisho hilo, ambalo baadhi ya watu hulitumia kama ruhusa ya kumkemea yeyote popote, lina masharti makali. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye kitabu chake Ihya Ulum al-Din kimeheshimiwa mno katika darsa za pwani, aliweka masharti kwa jambo linalokatazwa: liwe baya kweli, liwe linatendeka wakati huo, liwe wazi bila kupeleleza, na ubaya wake uwe unajulikana bila kuhitaji ijtihadi, yaani bila kuhitaji juhudi ya wanazuoni kutafuta hukumu katika jambo wanaloweza kuhitilafiana. Kisha akapanga daraja za kukataza, akianza na kumwelimisha asiyejua, halafu kumpa mawaidha kwa upole, na maneno makali yakaja baadaye, pale upole uliposhindwa.

Mpanda baiskeli asiye na helmeti akipimwa kwa masharti hayo, hutimiza mawili kwa urahisi, kwa kuwa kichwa kitupu kiko wazi na kinapita sasa hivi. Masharti mengine mawili yana mushkeli. Anayetaka kukanya anaweza kusema kwamba kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu matano ya sheria ya dini, na hilo ni kweli. Lakini kujiweka katika hatari ndogo kwa ajili ya riziki si sawa na kujitia katika maangamizi, la sivyo mvuvi asingetoka na ngalawa wala mkwezi asingepanda mnazi. Na pale ambapo wajuzi wa usalama barabarani wenyewe wanagawanyika juu ya kulazimisha, mpita njia hana budi kubaki katika daraja ya kwanza na ya pili, yaani kuelimisha na kunasihi, ambazo zote mbili zahitaji mtu aliyesimama na akakubali kusikiliza. Kumpigia kelele aliye juu ya baiskeli katika kichochoro ni kumfanya ageuze kichwa asikotazamia, na hapo mwenye nasaha huwa ndiye aliyesababisha ajali.

Namna ya kusema nayo ina historia yake mjini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa hapa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na kwa maandishi hayo akaikosoa jamii yake bila kuwaonea haya wakubwa, ila uliokuwa ukikosolewa ni mwenendo wa watu wote, si kijana mmoja aliyekamatwa njiani. Wanawake wa pwani wana leso, ambazo duka la Kaderdina Hajee Essak katika mtaa wa Biashara limeziuza kwa zaidi ya karne moja kwa jina la Mali ya Abdulla, na maandishi ya leso huufikisha ujumbe kwa anayehusika bila ya mdomo kufunguka. Upande wa pili iko desturi ya kusuta, ambapo mtu huendewa mlangoni kwake mbele ya majirani, mara nyingine kwa nyimbo na vigelegele, akaambiwa kosa lake waziwazi; lakini kusutwa ni adhabu ya mzushi, mtu aliyedhulumu heshima ya mwingine, na kumsuta mtu kwa kichwa chake mwenyewe ni kuikosea desturi yenyewe. Mzee wa barazani anayejua kazi yake husubiri kijana ashuke kununua kahawa, akatanguliza salamu, akamwuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, «Mwanangu, na kichwa hicho mbona hukitii kofia ya maana?» Kijana akicheka akaondoka, mzee amekwisha kutimiza lake, na kesho atapita tena. Mgeni aliyekuja juzi hana njia hiyo, kwa kuwa hana salamu ya jana ya kuegemea. Na wale wanaopenda kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu husahau kwamba methali hiyo inamhitaji kwanza mkuu aliyekwisha kusikilizwa.

Wapo watu wawili, hata hivyo, wanaostahili kuambiwa bila kuzungushwa, na wote wawili si wapanda baiskeli. Wa kwanza ni mwenye duka au tanuri la mikate anayemtuma kijana barabara ya Digo saa ya msongamano akiwa na mzigo unaoyumba nyuma yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemtwika mwajiri jukumu la jumla la kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi, na mwajiri anayekata ujira kwa mkate uliopondeka lakini hanunui helmeti amekwisha kuonyesha anachokithamini. Mteja wa kila siku ana nafasi ya kumwuliza, maana ananunua kwake, na swali la mteja halimfedheheshi mfanyakazi wala kumhatarishia kazi kama ambavyo lingefanya akiulizwa yeye mwenyewe njiani.

Wa pili ni fundi anayekodisha baiskeli kwa watoto. Mtoto ni suala jingine kabisa, kwa sababu hana uamuzi kamili wa kujichagulia hatari, na katika mitaa ya Kuze na Mkanyageni bado inakubalika mtu mzima kumkanya mtoto asiye wake. Lakini makaripio ya watu wazima kumi humwingia mtoto sikio moja yakatokea la pili, ilhali neno la fundi hutiiwa papo hapo, kwa kuwa baiskeli ni yake na fedha ya mtoto imo mkononi mwake. Helmeti nne au tano za kadiri tofauti, zikitundikwa msumarini pembeni ya pampu na kukodishwa pamoja na baiskeli kwa bei ile ile, zitagharimu kitu, na fundi ana haki ya kuwauliza wazazi wa mtaa, wale wale wanaolalamika barazani, ni nani atakayemchangia.