Maji Yachemkayo katika Kikombe cha Karatasi
Katika jaribio hili, kikombe cha karatasi chenye maji huwekwa juu ya mwali wa taa ya spiriti. Maji huchemka, karatasi haiwaki. Kusema kwamba karatasi imelowa hakutoshi. Karatasi huhitaji takribani nyuzi 230 za sentigredi ili iwake, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100, nayo hufyonza joto jingi: kilo moja huhitaji takribani jouli 4,200 kwa kila uzi mmoja. Ushahidi umo ukingoni, mahali ambapo walimu, kwa kuhofia jaribio kuharibika, huuepusha mwali: karatasi iliyo juu ya usawa wa maji huwaka upesi. Karatasi nene nayo huungua upande wa nje, kwani joto huchelewa kuyafikia maji.