Mama mwenye macho ya vifungo



Jumamosi moja ya likizo niliwapeleka wanangu wawili kuangalia filamu ya katuni. Kijana mmoja wa mtaani kwetu ana projekta, na siku za mapumziko huwaonyesha watoto filamu uani kwake kwa Sh500. Sikuuliza ni filamu gani. Katuni ni katuni, nilijisemea, na nikafurahi kupata nafasi ya kumalizia kazi za ofisini kwenye simu. Kama nawe umewahi kusema hivyo, basi tuko pamoja.

Filamu hiyo inaitwa Coraline. Ilitoka Marekani mwaka 2009, mwongozaji wake ni Henry Selick. Haikuchorwa, ni vikaragosi vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Kwao ilipewa alama ya PG, inayomwambia mzazi kwamba baadhi ya yaliyomo huenda yasimfae mtoto wake, hivyo aongoze. Alama hiyo sikuiona. Nilikuwa naangalia simu.

Ni habari ya binti wa miaka 11 aliyehamia na wazazi wake kwenye nyumba kuukuu. Baba yuko kwenye kompyuta, mama yuko kwenye kompyuta, na kila akiwasogelea anaambiwa aende akacheze. Siku moja anagundua mlango mdogo ukutani. Usiku anaufungua, anapita kwenye handaki, na upande wa pili anaikuta nyumba ileile, yenye mama anayefanana na wake. Mama huyu anapika vizuri, anatabasamu, ana muda. Ila badala ya macho ana vifungo vya nguo.

Ndipo unakuja mtego. Ukitaka kukaa hapa daima, binti anaambiwa, nawe tutakushonea vifungo machoni. Kisanduku kikafunguliwa, ndani mna sindano na uzi.

Mdogo wangu wa miaka mitano alipiga kelele. Nikamchukua, tukatoka. Usiku alilala kati yetu, na usiku uliofuata pia.

Nilipowasimulia kina mama wenzangu kwenye ibada ya nyumbani, mmoja alisema hayo ni mapepo, tuyakemee na filamu isionyeshwe tena. Simbezi. Hofu ya mtoto wa miaka mitano si mchezo. Kwake kilichoonekana ukutani kipo kweli, na kumwambia aache uoga ni kumwacha peke yake nacho. Kwa huyo nilikosa, na nilimwomba radhi. Ukiwa na mtoto wa umri huo, iangalie filamu mwenyewe kwanza. Katuni nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Lakini dada yake wa miaka tisa alibaki mpaka mwisho, na siku mbili baadaye, nikimsuka nywele, akaniuliza: “Mama, mimi nikipita mlango kama ule, utajua saa ngapi kwamba sipo?”

Msomaji wangu, sindano ya kwenye filamu haikunichoma kama swali hilo. Sikuwa na jibu. Nilikumbuka jioni ngapi ananionyesha daftari nami naitikia “mmh” bila kuinua macho. Tunaogopa mapepo yataingia kupitia skrini ya mtoto, kumbe kuna mlango mwingine tumeuacha wazi kwa skrini zetu wenyewe.

Usiku huo nilifungua 1 Wafalme 3, pale wanawake wawili walipomgombania mtoto mmoja mbele ya Sulemani. Upanga ulipoletwa, mmoja alikubali mtoto agawanywe. Aliyemzaa alikuwa tayari kumpoteza ili aishi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya hekima ya mfalme, machache juu ya mikono ya mama yule ikiachia. Mama wa vifungo hawezi kuachia. Anampenda mtoto kama mtu anavyopenda chakula, na watoto watatu waliomkubalia zamani wamebaki vivuli nyuma ya kioo.

Nikamwomba kijana yule filamu, nikaiangalia tena na binti yangu, sebuleni, simu ikiwa chumbani. Mdogo alikuwa kwa bibi yake. Palipotisha alinishika mkono, tukasimamisha, tukazungumza. Kwa nini mama yule mtamu hakumruhusu binti kusema hapana? Akajibu mwenyewe: “Kwa sababu alitaka kumfanya wake.” Nikamwambia Mungu aliyemuumba amemwachia uwezo wa kusema hapana, hata Kwake. Akafikiri kidogo, akauliza kama kuna bisi.

Kuna jambo sikulitegemea. Mwanzoni mama halisi, aliyechoka na mwenye hasira, anakataa kumnunulia binti glavu za rangi. Mwishoni, baada ya Coraline kurudi kuwaokoa wazazi wake, glavu zilezile ziko kitandani kwake, zimefungwa kama zawadi. Mimi nilikuwa nimezisahau. Binti yangu hakuzisahau.

“Kumbe alikuwa anamsikia,” alisema.

Sasa kila jioni ananisimulia habari za shule wakati naosha vyombo. Juzi nilichukua simu kuangalia saa. Hakusema kitu, alinyamaza tu mpaka nikaiweka chini, kisha akaendelea.